Kisima kimeingia chumvi: msiongeze kina

SWALI: Asalaam aleikum. Sisi ni wakaazi wa upande wa Kiuyu, Wilaya ya Micheweni, Pemba. Kisima chetu cha kuchimbwa kwa mkono kina urefu wa pima saba hivi (kama mita 13) kwenda chini, na tangu enzi za wazee kilikuwa na maji matamu. Miaka miwili iliyopita tulifunga pampu ya umeme na tangi. Sasa kila ikifika Kaskazi maji yanageuka chumvi, hasa alasiri. Vijana wetu walioko nje wamechanga pesa. Fundi anasema tuongeze pima tano kwenda chini, wengine wanataka pampu yenye nguvu zaidi. Tufanye lipi? Na je, tukiyachemsha chumvi itatoka? Msikitini yanafaa kwa udhu? Kaya zinazotegemea kisima hiki ni kama 60.

JIBU: Waaleikum salaam. Huyo fundi mzuieni kabla hajateremka kisimani. Katika ardhi yenu kila pima mnayoongeza inakusogezeni karibu na bahari, na pampu kubwa inafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine. Pesa za vijana zina matumizi bora, na baadhi yake hayaanzii kisimani kabisa.

Pemba ina ardhi za aina mbili. Magharibi na katikati kuna udongo, vilima, mabonde ya mpunga na vijito. Mashariki na kaskazini mashariki, Kiuyu ikiwemo, ni maweni: jiwe la matumbawe ya zamani lililojaa nyufa, matundu na mapango. Mvua ikinyesha maweni haifanyi mto. Inazama pale pale ilipoanguka, inashuka mpaka karibu na usawa wa bahari, na huko inakuta jiwe hilo hilo tayari limejaa maji ya chumvi. Maji ya mvua ni mepesi kidogo, kwani lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, ya mvua gramu 1,000. Basi yanaelea juu ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, ila mafuta hayachanganyiki na haya huchanganyika. Kisima chenu kinachota kutoka kwenye utando huo unaoelea.

Unene wa utando huo una hesabu yake, waliyoitoa Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Inasikika kama neema, lakini igeuzeni. Karibu na pwani, ndani ya jiwe lenye matundu, maji hayasimami mita nzima juu ya bahari. Mara nyingi ni sentimita chache tu. Pampu ikiyashusha kwa sentimita 10, mpaka wa chumvi chini yake unaelekea kupanda mita 4. Haupandi papo hapo, na kati ya tamu na chumvi kuna tabaka la mchanganyiko ambalo hesabu hii hailionyeshi, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hesabu. Ndiyo maana kisima kilichowatosheleza wazee kwa kamba na ndoo kimeharibika ndani ya miaka miwili ya pampu. Ndoo ilichota juu, kidogo kidogo, kutwa nzima. Pampu imewekwa chini kabisa, inavuta kwa saa mbili kwa kishindo, kisha inazimwa.

Chumvi nayo haihitaji wingi. Maji ya bahari yana kloraidi, sehemu kuu ya chumvi, kama miligramu 19,000 kwa lita, na ulimi wa mtu huanza kuitambua ikipita 250 hivi. Lita mbili za bahari ndani ya lita mia za maji matamu zinatosha kuifikisha karibu 400 na kuharibu chai.

Pimeni kabla ya kununua kitu

Tafuteni kipimo cha mkononi kinachosoma chumvi iliyoyeyuka kwa miligramu kwa lita. Ni kidogo kama kalamu na si ghali. Ikisoma chini ya 600, kwa upande wa chumvi maji ni mazuri kwa kunywa. Ikipita 1,000 watu wengi huyakataa. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja mwenye subira na daftari, apime kwa mwezi mmoja, alfajiri kabla ya mtu wa kwanza kuchota na tena alasiri baada ya pampu kufanya kazi. Aandike pia kama ni bamvua (siku bahari inapojaa na kukupwa sana) au maji mafu (siku inapojaa na kukupwa kidogo), na kama bahari imejaa au imekupwa.

Apime na kina. Chukueni chupa ya soda, ifungeni jiwe, itieni kizibo kilichofungwa uzi wa pili. Iteremsheni mpaka kina mnachotaka, vuteni uzi kizibo kitoke, ngojeni ijae, pandisheni. Fanyeni hivyo juu kabisa, katikati na chini. Zoezi hili la nusu saa litakuambieni mengi kuliko fundi yeyote anayechungulia kwa tochi.

Daftari likijaa, mtaona mojawapo ya haya. Ikiwa alfajiri ni tamu na alasiri ni chumvi, kama swali lako linavyoashiria, mnavuta kwa kasi kuliko kisima kinavyoweza kustahimili. Dawa ni kupunguza kasi na kupandisha mdomo wa pampu. Ikiwa juu ni tamu na chini ni chumvi muda wote, sehemu ya chini ya kisima imeshaingia kwenye tabaka la mchanganyiko, na hapo kinyume cha ushauri wa fundi wenu ndiyo kazi yenyewe: kisima kinajazwa chini kwa kokoto safi na zege mpaka kitako kipande juu ya chumvi. Watu huona ni wazimu kukifukia kisima ili kupata maji, na kwenye mikutano hili hupingwa kuliko jambo lolote, lakini linafanya kazi. Ikiwa chumvi inakuja na bamvua na kuondoka na maji mafu, kuna ufa unaokwenda moja kwa moja baharini. Ufa huo hamwezi kuuziba. Mnachoweza ni kuvuta maji mengi siku za maji mafu na kuyahifadhi. Na ikiwa ni chumvi juu na chini, alfajiri na alasiri, hata baada ya Masika, basi kisima hicho kibakie cha kufulia na kujengea. Msikitie pesa zaidi.

Pampu ndogo, saa nyingi

Kaya 60 zenye watu sita sita ni watu 360. Kwa lita 20 kwa mtu kwa siku, ambacho ni kiwango cha chini kabisa cha kunywa, kupika na kunawa, mnahitaji lita 7,200. Pampu mliyonayo, ikiwa ni ile ya kawaida ya nguvu ya farasi mmoja, huenda inavuta lita 3,000 hadi 4,000 kwa saa, na inamaliza kazi ndani ya saa mbili. Maji yale yale yakivutwa kwa lita 1,000 kwa saa, kwa saa saba za jua, kisima hakishuki sana na chumvi haipandi sana. Pampu ya jua ndiyo inayofaa kwa mwendo huo: inaanza polepole asubuhi, inafikia kilele adhuhuri, inalala jioni na kukipa kisima usiku mzima wa kupumzika. Kuinua lita 1,000 kwa saa mpaka tangi lililo mita 20 juu ya maji hakuhitaji zaidi ya paneli za wati 300 hivi. Mkiuziwa mtambo wa wati 2,000 kwa kisima hiki, muuzaji hajui maweni au anajua sana biashara.

Pampu ining'inizwe kwenye boya, mdomo wake ukae sentimita 30 hadi 50 chini ya uso wa maji, ipande na kushuka na maji yenyewe, maana kisima cha pwani hupumua na bahari. Wekeni na swichi ya kuizima maji yakipungua, kwani pampu ikivuta hewa huungua ndani ya muda mfupi. Kitu hiki kidogo ndicho kinachosahauliwa zaidi. Mabomba yawe ya plastiki, si ya chuma. Skrubu, minyororo na vishikizo viwe vya chuma cha pua kile cha daraja la 316 kinachotumika kwenye vyombo vya baharini, kwa kuwa daraja la 304 hutoa kutu kwa hewa ya chumvi. Viungo vya nyaya za paneli vikae chini ya paneli, visilowe.

Kama mahitaji yatazidi, msiongeze pampu, ongezeni visima. Viwili au vitatu vifupi, vilivyoachana, kila kimoja kikivutwa kidogo, vinatoa maji matamu mengi kuliko kimoja kirefu. Njia nyingine ni kuchimba mifereji ya ubavuni kutoka kisima kilichopo, kulalia usawa wa maji, ili yaingie kutoka eneo pana. Ni kazi nzito kwenye jiwe, na ya hatari bila mtu wa kusimamia usalama, lakini visiwa vingi vya matumbawe vinaishi kwa njia hii. Kwa kisima chochote kipya anzeni kwa sheha, kisha Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2006. Kuchimba hakufanywi kienyeji tena, na hilo ni la manufaa yenu: jirani akichimba kisima kirefu hatua mia kutoka kwenu, chumvi atakayoivuta yeye mtainywa nyinyi.

Na mdomo wa kisima msiufunge wote. Acheni dirisha lenye mfuniko na kufuli, ambamo kamba na ndoo moja safi inaweza kuteremka siku mtambo ukifa. Unguja ilikaa bila umeme kwa kama miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na waliokuwa na mfereji (bomba la maji) tu nyumbani walirudi kutafuta visima vya zamani, vingine vimeshajaa takataka.

Msitarajie utamu kurudi wiki ijayo. Chumvi iliyopanda huteremka kwa mvua, si kwa kusubiri tu. Mara nyingi inahitaji Masika nzima ya kuvuta kidogo, wakati mwingine mbili.

Choo cha jirani

Hili hukuuliza, nalo ni kubwa kuliko chumvi. Chumvi unaionja. Kinyesi hukionji.

Vitabu husema choo kiwe mita 30 kutoka kisimani. Kanuni hiyo ni ya mchanga na udongo, ambao huchuja. Jiwe la matumbawe halichuji; maji ya karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, yakiangukia kwenye ufa yanaweza kufika kisimani baada ya saa chache, yakiwa na kila kitu chake. Karo zilizochimbwa mpaka kwenye ufa ili "zisijae" ndizo mbaya kuliko zote, kwani kutojaa kwake ni kwa sababu zinamwaga kwenye maji mnayokunywa. Maji ya chini ya ardhi huelekea baharini, kwa hiyo vyoo vyote vipya viwe upande wa pwani wa kisima, mashimo yake yawe mafupi, yajengwe kwa matofali na kusakafiwa chini na ubavuni, yawe ya kuchotwa. Kipindupindu kimeipiga Zanzibar mara nyingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kijidudu chake hakiuawi na chumvi kidogo. Huishi vizuri kwenye maji ya mchanganyiko wa mito na bahari.

Kingo ya kisima iwe mita moja kwenda juu, sakafu ya saruji ienee mita moja na nusu kukizunguka, na maji yanayomwagika yaongozwe mbali, yasisimame. Mkimaliza ukarabati, safisheni kwa klorini. Kisima chenye upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 1.5 kina lita 1,700 hivi. Hapo mnahitaji gramu 130 za unga wa klorini wa asilimia 65, au lita mbili na nusu za dawa ya kufulia ya majimaji yenye klorini asilimia 3.5, isiyo na manukato. Koroga kwenye ndoo kwanza, mimina kuzunguka kuta, acha mpaka kesho yake, kisha vuta umwage mpaka harufu iishe. Usifanye hivi kila mwezi ukadhani umemaliza. Maji ya maweni hayakai, yanapita, na dawa inapita nayo. Kinga ya kila siku iwe nyumbani: kidonge cha dawa ya maji cha miligramu 67 kwa dumu la lita 20 la maji maangavu, subiri nusu saa.

Dumu lenyewe liwe safi. Vijiji vingi hupata mfereji mzuri na watoto wakaendelea kuharisha, kwa sababu maji yalitoka masafi yakaingia kwenye mtungi ulio wazi, wenye kata inayoshikwa na kila mkono. Chombo chenye mdomo mwembamba na koki chini kinamaliza tatizo hilo kwa pesa ndogo kuliko kipande cha paneli.

Paa ni kisima chenu cha pili

Pemba hupata mvua ya wastani unaokaribia milimita 1,900 kwa mwaka. Upande wenu ni mkavu zaidi, basi tuhesabu 1,400. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mabati ya mita za mraba 60, ukitoa moja ya tano inayopotea, inakusanya lita 67,000 kwa mwaka. Hamwezi kuhifadhi zote, na hamna haja. Familia ya watu sita ikitenga lita 5 kwa mtu, za kunywa na kupikia tu, kwa siku 100 za ukavu inahitaji lita 3,000. Tangi la lita 5,000 linawavusha Kaskazi na akiba juu.

Michirizi iteremke sentimita moja kwa kila mita. Maji ya mwanzo ya kila mvua, yenye vumbi na mavi ya ndege, yasiingie tangini. Kwa paa hilo mwageni lita 30 hadi 60. Bomba la inchi nne lililosimama wima, lenye kizibo chini, hubeba lita 8 na kitu kwa kila mita, hivyo bomba mbili za mita mbili mbili zinatosha. Toboa tundu dogo kwenye kizibo ili lijitoe lenyewe baada ya mvua, la sivyo mtasahau na kazi yote ni bure. Kila mwanya wa tangi ufunikwe wavu wa mbu, kwani mbu wa homa ya dengue anapenda maji safi yaliyotulia. Paa la makuti halifai kwa kunywa. Anzeni na skuli na msikiti: mita za mraba 300 za bati zinateremsha zaidi ya lita 300,000 kwa mwaka.

Faida yake mtaiona wapi

Vijana waliochanga watauliza, na jibu lisiwe "afya" kwa jumla. Kaya ya watu sita inahitaji madumu sita kwa siku, kila moja kilo 20 kichwani. Safari moja pamoja na foleni ikichukua nusu saa, ni saa tatu kila siku, na karibu zote ni za wanawake na wasichana. Pwani ya mashariki saa hizo zina bei. Kilimo cha mwani kilichoanza kibiashara mwaka 1989 kinafuata bamvua: bahari hukauka sana asubuhi, kuelekea saa nne, na mama aliyeko kwenye foleni ya kisima saa hiyo amepoteza siku ya kufunga mbegu ambayo itarudi baada ya wiki mbili. Mfereji wenye maji tangu alfajiri unairudisha siku hiyo. Kwa skuli, tazameni daftari la mahudhurio la wasichana wa madarasa ya juu kabla na baada ya choo kupata maji.

Magonjwa ya ngozi, macho na kuharisha hupungua zaidi kwa wingi wa maji ya kunawia kuliko kwa usafi wake, kwa hiyo hata kisima chenye chumvi kidogo kina kazi yake. Kichocho, ambacho ni tatizo la Pemba kwa jumla, si cha maweni hasa. Konokono wake anaishi kwenye vijito na madimbwi ya upande wa udongo, ambako mfereji humwokoa mtoto kwa kumtoa mtoni. Msiahidiane faida isiyo yenu.

Faida hizo zote husimama siku pampu ikiharibika. Kila kaya itoe kidogo kila mwezi, kiasi ambacho kamati itakitaja hadharani, na pesa zishikwe na watu watatu, wawili wao wanawake, kwa sababu wao ndio watakaobeba madumu mtambo ukilala. Wekeni hesabu ya pampu mpya kila baada ya miaka mitano au sita. Atakayesema "tutachanga ikiharibika" mwambieni uchangaji huo kwa kawaida huchukua miezi.

Sasa maswali yako mawili ya mwisho. Kuchemsha hakutoi chumvi. Kunaua vijidudu, lakini mvuke unapotoka chumvi inabaki na kuzidi ukali. Klorini na chujio la mchanga pia haziigusi. Mitambo ya kuondoa chumvi ipo, hula umeme na vichujio, na kwa kaya 60 tusingeishauri ikiwa paa lipo. Wenye shinikizo la damu na wajawazito ndio wa kwanza kupewa maji ya mvua, kwani utafiti wa pwani ya Bangladesh umeonyesha maji ya kunywa yenye chumvi yakihusiana na shinikizo la damu kwa wajawazito. Ama udhu, hata maji ya bahari yenyewe ni tohara, kwa hiyo maji ya kisima hiki yaende msikitini bila wasiwasi, na tangi la mvua la paa la msikiti liwekewe koki ya nje kwa ajili ya kunywa tu.